Kondoo anunuliwe kwa mzani, mashudu kwa lebo

Katika barabara ya Arusha kwenda Namanga, malori ya mashudu na malori ya kondoo huelekea upande mmoja. Mashudu ya alizeti yametoka kwenye mashine za kukamua mafuta za Singida na Dodoma, yanakwenda kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo nchini Kenya. Kondoo wametoka minada ya Monduli na Longido, wanakwenda kuchinjwa Kajiado na Nairobi.

Kiangazi kikikolea, kondoo hao huwa wamekonda hadi mbavu zinahesabika. Chakula ambacho kingewaongezea kilo kimepita barabara ile ile, na hakuna aliyekishusha njiani. Si kwamba wafugaji hawakijui. Tatizo ni kwamba mnadani hakuna anayewalipa kwa kukitumia.

Wapo wanaoyaona malori hayo na kusema mpaka ufungwe, mashudu yabaki nyumbani. Hoja hiyo ni rahisi kusemwa, lakini haitamnenepesha kondoo hata mmoja. Mashudu yakizuiwa mpakani hushuka bei, mwenye mashine naye hupunguza bei anayompa mkulima wa alizeti, na mkulima hupunguza ekari. Msimu unaofuata hakuna mashudu ya kugombania.

Dawa ipo karibu zaidi na ni ya gharama ndogo: mzani kwenye mnada na lebo kwenye gunia. Vikikosekana hivyo, Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010, litaendelea kuuza mifupa upande mmoja na kununua kwa kubahatisha upande mwingine.

Kilo zinatoka wapi

Mashudu, pumba, machicha ya bia, molasi, maganda ya muhogo na maganda ya ndizi vyote ni mabaki. Binadamu amekwisha kuchukua mafuta, unga, bia, sukari au mlo wake. Kondoo, kwa kuwa anacheua, ana uwezo wa kugeuza kilichobaki kuwa nyama bila kugombania sahani na mtu.

Kinachomkwamisha kondoo wa kiangazi si uhaba wa majani peke yake. Nyasi zilizokauka mara nyingi huwa na protini chini ya asilimia 7. Chini ya kiwango hicho, vijidudu vinavyosaga chakula katika tumbo lake kubwa hudhoofika. Nyasi hukaa tumboni muda mrefu, hamu ya kula hupungua, na mnyama hukonda tumbo likiwa limejaa.

Kiasi kidogo cha mashudu huviamsha vijidudu hivyo. Kondoo hupata protini iliyomo kwenye mashudu, kisha anaanza kunufaika na nyasi kavu ambazo jana zilikuwa zikimpita bure. Ndiyo maana gramu chache kwa siku huleta tofauti kubwa kuliko ukubwa wa kikombe chenyewe.

Lakini mashudu si kitu kimoja. Mashudu ya pamba yaliyokamuliwa pamoja na maganda yake huwa na protini ya asilimia 20 na ushee, na yale yaliyoondolewa maganda hupita asilimia 40. Ya alizeti nayo hivyo hivyo: mashine ndogo nyingi za ukanda huu hukamua mbegu na ganda lake, na gunia hilo lina nyuzi nyingi na protini kidogo kuliko la kiwanda kinachobangua kwanza. Pumba za ngano zina protini ya kama asilimia 16, za mahindi kama 10. Molasi ni sukari, karibu nusu ya uzito wake, na protini yake ni haba.

Machicha ya bia yana protini nzuri, lakini yakitoka kiwandani sehemu kama tatu kwa nne ya uzito wake ni maji. Mfanyabiashara anayeyasafirisha mabichi kwa kilomita 200 analipia mafuta ya lori kubeba maji, na yakifika siku ya tatu juani huwa yameanza kuoza. Machicha ni mali ya mfugaji aliye jirani na kiwanda. Mashudu makavu na pumba ndiyo mali ya mpakani.

Huko Ethiopia, ambako kunenepesha kondoo kwa ajili ya sikukuu ni kazi ya familia nyingi, watafiti wamepima jambo hili kwa miaka mingi. Kondoo wa kienyeji wanaolishwa nyasi kavu tu mara nyingi hubaki na uzito ule ule au hupungua. Wanaoongezewa mashudu na pumba za ngano mara nyingi huongeza kati ya gramu 40 na 90 kwa siku.

Hesabu ya kawaida inasaidia. Chukua kondoo anayeongezewa gramu 300 za mchanganyiko wa mashudu na pumba kwa siku 90. Atakuwa amekula kilo 27. Akiongeza gramu 60 kwa siku, atakuwa amepata kilo 5.4 za uzito wa mnyama hai. Maana yake kila kilo moja iliyoongezeka imegharimu kilo tano za chakula.

Basi kanuni ya mfugaji huyo ni nyepesi: bei ya kilo moja ya kondoo hai ikiwa zaidi ya mara tano ya bei ya kilo ya mchanganyiko, na ikabaki ya kulipia dawa ya minyoo, chumvi na mchungaji, biashara ipo. Ikiwa chini ya hapo, afadhali amuuze mapema. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa shilingi ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda, faranga ya Rwanda au ya Burundi.

Tatizo ni kwamba kanuni inadai bei ya kilo, na mnadani bei ni ya kichwa.

Papasa mgongo, taja bei

Katika minada mingi ya mifugo ya ukanda huu, mnunuzi humpapasa kondoo mgongoni, humshika mkia kupima mafuta, humfungua mdomo kutazama meno, kisha hutaja bei. Wanunuzi wazoefu wana mikono yenye akili, hilo halipingiki. Wanajua kwa kugusa tu nani ana nyama na nani ana manyoya.

Lakini ujuzi huo uko upande mmoja wa meza. Dalali anajua, muuzaji anakisia. Zile kilo 5.4 zilizogharimu magunia na siku 90 hugeuka kuwa mabishano, na katika mabishano anayeshinda ni yule asiye na haraka. Mfugaji aliyelipa nauli ya kuja mnadani na anayetakiwa kurudi na unga hawezi kungoja.

Akipunjwa mara mbili, halishi tena. Msimu ujao atapeleka kondoo mkondefu kama wengine. Mnunuzi wa Kiamaiko au Kajiado naye atalalamika kwamba kondoo wa mpakani hawana nyama, akisahau kwamba soko lenyewe ndilo lililomfundisha mfugaji kutolisha.

Mfanyabiashara wa kati huumia pia. Anayenunua kondoo 60 kwa kukisia na kuwauza machinjioni, ambako nyama hupimwa kwa kilo, amebeba peke yake hatari ya makosa yote ya jicho lake. Kondoo hupungua uzito njiani kwa kukosa maji na chakula. Bila kupima pale anaponunua, hawezi kujua kama hasara ilitokea mnadani, kwenye lori au kwenye mzani wa machinjio.

Ladha haiko kwenye nyama, iko kwenye mafuta

Wachoma nyama wengi wana hoja nyingine dhidi ya kondoo wa kulishwa: eti hana ladha, au ana harufu. Hoja hiyo isipuuzwe, maana ndiyo inayoamua bei ya mwisho. Lakini ina ukweli nusu.

Harufu ile ambayo watu huitambua mara moja kuwa ya kondoo inatokana zaidi na asidi fulani za mafuta yake. Asidi hizo huongezeka kadiri mnyama anavyozeeka, na huwa nyingi zaidi kwa madume ambayo hayajahasiwa. Kondoo aliyelishwa vizuri hufikia uzito wa kuchinjwa akiwa bado kijana, na hapo harufu huwa hafifu. Kondoo aliyekonda na kurudi nyuma kila kiangazi hufikia uzito ule ule akiwa na umri mkubwa zaidi, nyama yake ikiwa ngumu na harufu yake ikiwa imekomaa.

Kwa hiyo umri na kuhasi vina uzito mkubwa. Hata hivyo, chakula nacho huacha alama yake.

Kondoo wa malishoni hupata harufu ya aina yake, kwa sababu majani mabichi yenye protini nyingi yanaposagwa tumboni hutoa kemikali iitwayo skatoli, ambayo hujificha kwenye mafuta. Wapo wanaoipenda na kuiita ladha ya porini. Wapo wanaoikimbia na kununua mbuzi. Nyama ya malishoni pia ina vitamini E zaidi, inayosaidia wekundu wake udumu buchani.

Kondoo aliyejazwa nafaka na pumba kwa wingi huenda njia tofauti. Asidi zile za harufu ya kondoo zinaweza kuongezeka, na mafuta yake huwa laini na yenye kuteleza badala ya kuganda vizuri. Mchinjaji huyatambua akigusa tu. Mashudu ya mashine ndogo yaliyobaki na mafuta mengi ya alizeti yana hatari nyingine: yakikaa ghalani miezi kadhaa huchacha, kondoo huyakataa, na anayeyala hapati faida iliyotarajiwa.

Miti ya ukanda huu ina zawadi yake. Matunda ya migunga, yale ambayo wafugaji huyakung'uta wakati wa kiangazi, yana tanini. Tanini kwa kiasi huzuia protini isivunjwe ovyo tumboni, na majaribio ya ng'ambo yameonyesha kwamba hupunguza skatoli kwenye mafuta. Mfugaji anayechanganya matunda hayo na mashudu kidogo anafanya jambo ambalo maabara zinalikubali.

Katika kisiwa cha Sicily nchini Italia, watafiti walilisha wanakondoo mabaki makavu ya machungwa na jamii yake yaliyokamuliwa juisi, badala ya sehemu ya shayiri. Mafuta ya nyama yao yalikawia kuchacha. Viwanda vya juisi vya Afrika Mashariki navyo hutoa mabaki ya nanasi, maembe na machungwa, na mengi huishia jalalani.

Hili si jambo la wasomi tu. Kenya husafirisha kwa ndege mizoga iliyopozwa ya kondoo na mbuzi kwenda nchi za Ghuba. Huko mnunuzi hutazama rangi na mafuta kabla ya kuuliza bei. Siku moja au mbili zaidi za wekundu ni pesa. Anayejua kondoo wake walikula nini katika wiki za mwisho ana kitu cha kuuza ambacho jirani yake hana.

Gunia lisilosema kitu

Upande wa pili wa biashara hii ni gunia la mashudu. Mara nyingi huvuka mpaka likiwa kimya: halisemi limetoka mashine gani, lilikamuliwa lini, lina protini kiasi gani, wala kama limepimwa sumukuvu. Mnunuzi hunusa, humenya kipande, hulipa.

Ukimya huo umewahi kuigharimu kanda. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, malori yakasongamana mpakani. Siku chache baadaye biashara iliruhusiwa kwa masharti ya usajili na vyeti. Waliopata hasara ni wale waliokuwa na mzigo mzuri lakini hawakuwa na karatasi ya kuuthibitisha. Mashudu na pumba hupatwa na kuvu ile ile, hasa yakirundikwa yakiwa na unyevu. Kondoo mkubwa huvumilia sumukuvu kuliko kuku, lakini uvumilivu huo si kinga, na mwanakondoo hudumaa.

Lebo ingeeleza pia mambo ambayo kutojulikana kwake huua kondoo. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba. Kondoo mkubwa anaimudu kwa kiasi, lakini mwanakondoo ambaye tumbo lake kubwa halijakomaa hawezi. Gunia hilo halipaswi kuwa chakula cha wadogo.

Pumba za ngano zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Dume linalolishwa pumba kwa wingi hupata mawe katika njia ya mkojo, hujikamua bila kutoa kitu, na hufa kwa uchungu siku chache kabla ya mnada. Chokaa ya mifugo, chumvi na maji ya kutosha huzuia hilo kwa gharama ndogo.

Kubwa zaidi ni kumlisha kondoo chakula cha kuku au nguruwe kwa sababu kimebaki au kimeshuka bei. Vyakula hivyo vinaweza kuwa na madini ya shaba kwa kiwango ambacho wanyama hao wanakihimili. Kondoo ni dhaifu kuliko mifugo mingine mbele ya shaba. Hujilimbikiza kwenye ini kimyakimya, kisha siku moja mnyama huwa wa manjano, mkojo wake mwekundu, na hufa. Majirani husema amelogwa au amegongwa na nyoka.

Kinachowezekana sasa

Hakuna linalohitaji mkutano wa marais. Halmashauri za Tanzania na kaunti za Kenya hukusanya ushuru kwa kila kondoo anayeingia mnadani. Sehemu ndogo ya fedha hiyo inatosha kununua mzani wa ngome na kuuweka mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wote wanausoma. Bei iendelee kupatanwa kama desturi ilivyo. Mzani hauui mazungumzo, unaongeza ukweli ndani yake.

Mamlaka za viwango za nchi wanachama zikubaliane lebo fupi ya gunia la mashudu na pumba: aina ya mbegu, kama imebanguliwa, tarehe ya kukamuliwa, protini, na matokeo ya kipimo cha sumukuvu. Cheti kilichotolewa upande mmoja kikubaliwe upande wa pili bila mzigo kupimwa upya na kulala siku tatu juani. Wenye mashine ndogo wanaweza kupima kwa pamoja kupitia vyama vyao, maana mmoja mmoja gharama itawashinda.

Wafanyabiashara wenyewe wasingoje. Mnunuzi wa kondoo anayeanza leo kubeba mzani mdogo wa kuning'iniza atajua ndani ya miezi mitatu ni mnada upi unampa kilo na upi unampa manyoya. Anayeuza mashudu akiandika kwa kalamu tu tarehe na mahali yalipokamuliwa atapata wateja wanaorudi. Na wanaonunua kwa ajili ya hoteli na Ghuba waongeze swali moja kwenye biashara yao: huyu amekula nini mwezi uliopita?

Litakuwepo pingamizi kwamba mzani utamwondolea dalali riziki. Dalali mwenye jicho zuri hatakosa kazi. Bado kuna umri wa kukisia, afya ya kukagua, wateja wa kuunganishwa na mzigo wa kukusanywa. Atakachopoteza ni faida ile inayotokana na mwenzake kutojua, na faida hiyo ndiyo inayoiua biashara nzima taratibu.

Lipo pia pingamizi la wapenda kondoo wa asili, wanaohofia kwamba kulisha mabaki ya viwandani kutaua mifugo ya kienyeji. Kinyume chake kinawezekana. Kondoo mwekundu wa Kimaasai anasifika kwa kustahimili minyoo inayowamaliza Dorper na machotara wake, lakini wafugaji wengi wamemwacha kwa sababu mwili wake ni mdogo. Akiongezewa mashudu kiangazi na kuuzwa kwa kilo, ataonekana thamani yake: dawa chache, vifo vichache, na nyama ambayo soko linaitaka.

Malori yataendelea kuelekea Namanga, na ni vyema yaendelee, maana mpaka ulio wazi ndio uliompa mkulima wa alizeti soko na mfugaji mnunuzi. Yakiwapo mzani na lebo, baadhi ya magunia yatashushwa Longido kwa siku 90, kisha yatavuka mpaka yakitembea kwa miguu minne, yakiwa na bei nzuri zaidi.